Kidole Gumba cha Marehemu Shomari

Niliposikia ngoma kwa mara ya kwanza nilivaa kofia nikatoka nje kutafuta harusi. Nilizunguka mtaa wote wa Chemchem, uchochoro kwa uchochoro, pua mbele ikitafuta pilau, nikarudi nyumbani bila pilau na ngoma bado inalia. Du-du, du-du, du-du. Nikafunga dirisha, inalia. Nikajifunika shuka gubigubi, ndiyo kwanza ikanoga. Hapo nikajua kwamba harusi imo ndani ya sikio langu la kulia, na mwalikwa ni mimi peke yangu.

Jina langu Uwesu Shomari, na kama umewahi kuishi Tabora basi huenda jina hulijui lakini sauti unaijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikitangaza kwenye gari la manispaa, lile lenye spika mbili juu kama masikio ya punda. Chanjo, mbwa wafungwe, maji yatakatika, mkutano wa hadhara: vyote vilipita kooni mwangu. Siku moja nilitangaza kukatika kwa maji pale sokoni, upepo ukaichukua sauti ukaisindikiza na reli, na watu wa Usoke, kule kwenye tumbaku, safari nzima ya treni, wakaanza kujaza ndoo. Si uongo huo. Muulize mtu wa Usoke. Akisema hakumbuki, ujue siku hiyo alikuwa shamba. Manispaa walinistaafisha mimi. Sauti haikupewa barua, kwa hiyo inaendelea na kazi kila jioni kwenye baraza la kahawa.

Basi jioni ile barazani nikawatangazia wenzangu: "Nimepokea ngoma ya msafara."

"Umeipokea kutoka kwa nani?"

"Kwa babu Mhoja. Yeye anapiga, mimi nasikia."

Babu yangu Mhoja alikuwa kiongozi wa wapagazi, yule wa kutembea mbele na ngoma, enzi za misafara ya kutoka hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo. Katika hadithi zangu alibeba pembe ya ndovu bega hili, nyingine bega lile, na ya tatu akaiuma kwa meno ili mikono ibaki huru kupiga ngoma. "Safari yake ya mwisho haikufika," nikawaambia. "Anatafuta wa kuimalizia, kanichagua mimi." Watu wakapanga foleni kubandika sikio kwenye sikio langu. Hakuna aliyesikia kitu, isipokuwa wawili wenye adabu, waliosema wameisikia vizuri sana, na mmoja wao hata akatikisa bega.

Binti yangu Shamila, mtoto wangu pekee, anauza asali Isevya, na kwake hakuna ugonjwa usiotibika kwa asali. Kikohozi, asali. Kidonda, asali. Talaka, asali. Alinilaza ubavu mkekani, kijiko cha asali ya vuguvugu mkononi, analenga sikio kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, ndipo Bi Mwanajuma akaingia bila hodi.

Bi Mwanajuma ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, na sidhani kama hapo pana haja ya maelezo. Babu zake na babu zangu walitukanana njia nzima ya msafara mpaka matusi yakageuka undugu. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, akakaa, na tangu hapo ukoo wao ndio watani wa ukoo wetu. Kwenye harusi zetu wao ndio wa kupora sinia la pilau. Kwenye misiba yetu wao ndio wa kuvaa kanzu ya marehemu na kutembea kama alivyotembea, mpaka mjane mwenyewe acheke katikati ya kilio.

"Mnyamwezi," alisema, "nasikia kichwa chako kimeingia ngoma. Afadhali. Maisha yako yote kilikuwa debe tupu, sasa angalau kimepata mpigaji."

"Karibu mtani. Nilijua utakuja. Mzaramo akisikia ngoma, hata ikiwa sikioni mwa mtu, huacha mboga ikaungua."

"Na Mnyamwezi akiona mzigo, hata usiokuwa wake, huinama abebe. Hebu inuka hapo chini, watu watadhani umekufa na mimi sijajiandaa."

Nikainuka nikicheka. Kucheka kulikuwa kunazidisha ngoma, kwa hiyo nikabonyeza kidole gumba shingoni, chini kidogo ya sikio. Nilishagundua kwamba nikibonyeza hapo inapoa. Bi Mwanajuma akanyamaza ghafla. Mwanamke huyu hanyamazi ghafla hata akitafuna.

"Hicho kidole," alisema, "umekitoa wapi?"

"Mkononi. Kwenu vinaota wapi?"

Hakunirudishia tusi. Akamgeukia Shamila. "Mwanangu, hiyo asali itie kwenye chai. Baba yako mpeleke hospitali."

Daktari tuliyemkuta aliitwa Recheli, binti mdogo mwenye miwani na sauti ya kwaya ya Moravian.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kwenu wapi?"

"Usoke."

Nikamtazama Shamila kwa ushindi, kisha nikamgeukia daktari. "Mlijaza ndoo?"

"Ndoo gani, mzee?"

"Aa, ulikuwa shamba."

Nikamweleza yote: ngoma, babu, pembe ya tatu. Nilitegemea acheke. Yeye akavaa kile kipimo cha kusikilizia moyo, akakiweka nyuma ya sikio langu, akafumba macho kama anayesali. Alipoyafumbua yalikuwa makubwa kuliko miwani.

"Mzee," alisema polepole, "naisikia."

Jamani! Nusura nimbebe mgongoni nimzungushe mji. Akamvisha Shamila kile kipimo. Shamila hajaniamini tangu utotoni, nilipomwambia kwamba treni ya Mpanda inavutwa na nyuki. Alisikiliza, akavua, akavaa tena.

"Baba," alisema, "ni kweli."

"Sema kwa sauti. Nataka waliopo korido wasikie."

Daktari Recheli alichungulia sikioni kwa kurunzi yake ndogo, akakaa humo muda mpaka nikaanza kudhani kaona nyumba ya kupanga.

"Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna kitu chekundu," alisema. "Kinadunda pamoja na moyo wako. Ndiyo ngoma unayoisikia. Damu inapita pale kwa wingi kuliko kawaida. Kuna mtu amekichokoa? Kijiti, pini, chochote?"

"Hapana."

"Mmetia dawa yoyote humu?"

Shamila akatazama dari.

"Tulikaribia," nikasema.

"Msikiguse. Kimejaa damu. Ukikichokoza ni kama kupasua bomba kuu la maji, mzee, na safari hii hutapata nafasi ya kutangaza."

Nikapigwa picha ya kichwa ndani ya lile duara kubwa linalonguruma. Daktari Recheli alipoiona akasema hii ni ya bingwa, na kwa bahati mabingwa walikuwa njiani: ile kambi ya madaktari wanaozunguka mikoani ilikuwa inakuja Tabora wiki iliyofuata.

Siku ya kambi hospitali ilijaa kama mnada. Turubai uwanjani, mabenchi, foleni ya magoti, foleni ya macho, foleni ya presha. Bi Mwanajuma naye alikuja, eti kwa ajili ya goti lake, akaketi benchi la mbele kabisa, pasipohusiana na magoti hata kidogo. Bingwa wangu alikuwa Daktari Adriano, mtu mpana mwenye mikono ya mkulima wa mihogo, lakini kalamu anaishika kama yai. Alikuwa ameketi pembeni ya turubai, na pazia lililotutenganisha na foleni lilikuwa fupi. Kila kitu tulichosema foleni ilikisikia, na nisichosema kwa sauti nilikirudia.

"Mzee Uwesu, huu ni uvimbe," alisema, akiinua picha kwenye mwanga. "Umeota kwenye mishipa ya damu hapa chini kabisa ya fuvu, nyuma ya sikio. Si aina inayopenda kusambaa mwilini. Unakua polepole, pengine umo humo miaka mingi. Na ni adimu. Nimezunguka nchi hii yote, na wa namna hii niliouona ni wa kuhesabu kwa vidole."

Nilisimama nikachungulia juu ya pazia. "Mmesikia? Presha kila mtu anayo! Magoti hata mbuzi anayo! Mimi ninacho kitu ambacho bingwa amekisaka nchi nzima, na alipokosa kwingine kote akaja kukikuta Chemchem!"

Foleni ikapiga makofi. Mtu akapiga kigelegele, na sina haja ya kusema ni nani.

"Kaa mzee," alisema Daktari Adriano, huku akizuia kicheko. "Ubaya wa uvimbe huu ni mahali ulipochagua kukaa. Unaijua stesheni yenu? Treni ya Mwanza, ya Kigoma, ya Mpanda na ya Dar zote zinakutana pale. Sasa pale chini ya fuvu ni hivyo hivyo. Damu inayotoka kwenye ubongo inapita hapo, neva ya kumezea inapita hapo, ya bega inapita hapo, ya ulimi iko jirani. Na ya sauti inapita hapo hapo. Uvimbe umekaa katikati ya stesheni."

"Ya sauti?"

"Nikiukata, naweza kuutoa. Lakini neva ya sauti upande huo inaweza isipone. Utaongea, ila kwa kukwaruza. Pengine kwa kunong'ona."

Du-du, du-du, ilisema ngoma.

"Daktari," nikasema baadaye, "chukua bega."

"Bega unalihitaji."

"Silihitaji. Babu alishabeba kwa niaba ya ukoo mzima. Chukua na sikio, ninalo jingine. Mguu je? Mguu uko mbali na stesheni lakini nautoa kwa hiari."

Hakucheka. Akaniwekea mkono gotini. "Nikiuacha tu hivi hivi, utaendelea kukua na utaibana neva ile ile. Nataka tukufanyie upasuaji Dar es Salaam, mapema, wakati bado mdogo."

Mwenye duka akiibiwa duka hubaki na mikono. Mimi ukiniondolea sauti nabaki na nini? Mikono yangu haijui kufanya kazi yoyote ila kushika kipaza sauti. Nilimtazama Shamila, naye alikuwa anatazama vidole vyake.

"Basi kata," nikasema.

"Swali moja kabla hatujapanga," alisema Daktari Adriano. "Katika ukoo wenu kuna mtu mwingine aliyewahi kuwa na hali hii? Ngoma sikioni, sauti kupotea, kupaliwa akinywa? Upande wa baba hasa."

Nikafurahi, maana hapo ni uwanja wangu. "Babu Mhoja, daktari. Aliongoza msafara kwa kufuata ngoma ya sikio lake. Simba alipokuja, ngoma ilikwenda mbio. Maji yalipokuwa karibu, ilikwenda taratibu..."

Daktari akaanza kuandika.

"Futa hiyo, daktari," alisema Shamila.

"Halafu shangazi yake babu, ambaye alikuwa akisikia ngoma ya Kigoma akiwa Itigi..."

"Hiyo usiandike kabisa. Baba, mara hii tu. Bila chumvi."

Nikafungua kinywa niseme bila chumvi, nikakuta humo hamna kitu. Nilikuwa nimezisimulia hadithi za ukoo wangu mpaka chumvi ikaila nyama. Babu sikumwona. Na baba yangu Shomari alifariki nikiwa kijana kambini Jeshi la Kujenga Taifa, sikuwahi hata mazishi.

"Baba yako alikuwaje?" aliuliza daktari.

"Alikuwa mpole. Alikuwa anaongea chini chini, lazima umsogelee. Basi."

"Hukuona kingine?"

"Daktari, baba ni kama ukuta wa nyumba. Unauegemea, huutazami."

Pazia likafunguliwa kwa mkono mmoja, shwaa! Bi Mwanajuma alikuwa amesimama, na goti lake lilikuwa limepona.

"Mpole nani?" alisema. "Shomari mpole? Shomari alikuwa na domo kukuzidi wewe! Akipita sokoni kuku walikuwa wanaacha kutaga ili wasikilize. Huo upole ulimjia uzeeni, na hakuupenda hata siku moja."

"Bibi, ulimfahamu?" aliuliza Daktari Adriano.

"Kumfahamu? Nilimvaa! Mimi ni mtani wao. Mama yangu alikuwa mgonjwa, nikasukumwa mimi, mwali, niende nikamtembee marehemu. Ulikuwa msiba wangu wa kwanza. Nilimchunguza wiki nzima kabla hajafa, nimekaa pale kwenye kizingiti kama paka."

"Basi tueleze alikuwaje."

"Kueleza siwezi. Mtu si maneno." Akaninyang'anya kofia kichwani na bakora mkononi. "Sogezeni benchi."

Benchi likasogezwa. Wa macho, wa magoti na wa presha wote wakajazana kwenye pazia. Nesi akasahau sindano hewani. Bi Mwanajuma akatupa kanga begani iwe kanzu, akavuta pumzi, na naapa kwa hii sauti yangu, yule mwanamke akapungua urefu, akaota ndevu.

Alitembea. Kichwa kimelala upande wa kulia kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Hatua chache, anasimama, kidole gumba chini ya sikio la kulia, anabonyeza, uso unatulia, anaendelea. Bibi mmoja mwenye kikapu kule nyuma akapiga ukelele: "Mungu wangu, Shomari huyo! Shomari wa Isevya!" na turubai likaanguka kwa kicheko. Bi Mwanajuma hakucheka. Akaketi, akajifanya anakunywa uji, akapaliwa, akakohoa mpaka kofia ikarukia kwa nesi. Akatoa ulimi, na ulimi ukaenda kombo. Akasema "Mwanangu, nipe maji," na ile sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya chini, ya kusogelewa, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipopanda treni ya kwenda jeshini. Nilikuwa nacheka hadi mbavu zinauma, na machozi yalikuwa yananitoka, na mpaka leo sijui yalikuwa ya upande gani.

Kisha akainuka, akatembea tena, akasimama. Na safari hii kidole gumba kikaenda shingoni upande wa kushoto.

"Simama hapo!" alisema Daktari Adriano, naye amesimama. "Rudia hapo, bibi. Mkono gani?"

"Huu. Mwanzo alikuwa anabonyeza kulia. Mwishoni alikuwa anabonyeza kushoto. Hapo ndipo sauti ilipokwenda kabisa."

"Una hakika? Si chumvi?"

"Daktari," alisema Bi Mwanajuma, akirudi polepole kwenye urefu wake, "chumvi ni za huyu Mnyamwezi. Msibani watu hawachekei uongo. Wanacheka kwa sababu ni yeye. Ukikosea mkono, mjane anakutazama tu, halafu unaona aibu mpaka unazikwa wewe. Na Mhoja pia ninaye, kama unamtaka. Mama alinifundisha. Naye alikuwa na kidole hicho hicho."

"Babu Mhoja?" nikaruka. "Kwa hiyo ngoma alikuwa nayo?"

"Ngoma alikuwa nayo. Pembe ya menoni ndiyo hakuwa nayo. Alikuwa hana meno."

Foleni ilihitaji muda kurudi kwenye mabenchi. Daktari Adriano akaketi, akavuta kiti karibu yangu.

"Ndiyo maana huwa tunauliza," alisema. "Kuna uvimbe wa namna hii unaotembea kwenye ukoo, kutoka kwa baba kwenda kwa watoto. Na ukiwa wa ukoo mara nyingi hauji peke yake. Kabla ya kushika kisu nataka kukuona shingo nzima, pande zote mbili."

Kesho yake nikarudishwa kwenye lile duara. Na upande wa kushoto, chini kidogo ya pale, wakamkuta mdogo wake: kivimbe kama punje ya njegere, kimejikunyata kwenye mshipa, hakijaanza hata kunguruma.

"Unaona?" alisema daktari. "Ningekata huu wa kulia, ukapoteza neva ya kulia. Miaka inapita, huu wa kushoto unakua, unakula neva ya kushoto."

"Nakuwa mpole," nikasema.

"Unakuwa mpole kabisa. Hata mate hutameza vizuri. Kwa hiyo hatukati. Tutaupiga mionzi huu mkubwa, Dar es Salaam, kidogo kidogo. Hautatoweka, ila mara nyingi huacha kukua, na hilo ndilo tunalolitaka. Huu mdogo tutauchunga kwa picha kila mwaka."

"Na sauti?"

"Mionzi nayo si ya kuahidiana, mzee. Lakini nafasi ya kubaki na sauti yako ni kubwa sana kuliko kwenye kisu." Akatazama foleni. "Ingawa naona kuna waliosikitika."

"Sisi tulishajiandaa kwa ukimya," alisema Bi Mwanajuma. "Basi tena."

Shamila naye alipimwa, maana damu ni ile ile. Sampuli yake ilisafiri mpaka nje ya nchi, na siku majibu yaliporudi kwamba hakuurithi, aligawa asali mtaa mzima. Bi Mwanajuma aliipokea chupa yake akasema, "Kilichorithiwa hapa ni ubishi peke yake, na huo hauna dawa."

Tukapanda treni kwenda Dar, mimi na Shamila, na mtani wangu aliyesema anakwenda kuwaona ndugu zake Kisarawe, kumbe anakuja kunilinda kama mali yake. Njia nzima ni ile ile ya babu: Itigi, Manyoni, Dodoma, Kilosa. Nikawaonyesha abiria mti aliolala babu, na jiwe aliloketi babu, na mto alioukausha kwa kiu. Bi Mwanajuma alikuwa anafuata nyuma yangu behewa kwa behewa akisema, "Hapana. Hapana. Hiyo hapana."

Nitakwambia kilichokuwa kigumu katika matibabu yale. Si mionzi, mionzi haiumi, huisikii. Kigumu ni kinyago. Wanakulaza, wanakuletea plastiki laini ya moto yenye matundu, wanakubandika usoni mpaka inachukua sura yako, pua kwa pua, shavu kwa shavu. Ikikauka inakuwa ngumu, wanaifunga mezani na kichwa chako ndani yake ili usitikisike hata unywele. Halafu yule kijana wa mashine anasema, "Mzee, usiongee."

"Kwa muda gani?"

"Umeshaongea."

Kila siku ya kazi, wiki kadhaa, nililazwa pale nikanyamazishwa kwa mujibu wa sayansi. Hadithi zilinijaa humo ndani mpaka nikahofia kwamba mashine itazipiga picha. Nilipofunguliwa nilikuwa namwaga zote kwa mpigo, na wagonjwa wenzangu kwenye benchi, watu wenye mizigo yao mizito kuliko wangu, walianza kufika mapema kabla ya zamu zao ili wasikose mwanzo. Siku ya mwisho wakanipa kinyago changu niondoke nacho. Nilikigeuza nikakitazama: ni mimi mtupu, mweupe, kimya.

"Lete hapa," alisema Bi Mwanajuma, akakinyakua.

"Mtani, hiyo ni sura yangu!"

"Sasa ni kifaa changu cha kazi. Wenzangu wote duniani wanahangaika kukariri pua za watu; mimi nimeletewa pua yenyewe."

Ngoma haikuzimika kwa siku moja. Ilipungua kama msafara unaoondoka: kwanza uko uani, kisha uko barabarani, kisha uko ng'ambo ya mji, na siku fulani unatega sikio unasema, hivi bado upo? Bado upo, mbali. Daktari Recheli ananisikiliza kila nikienda, anasema, "Naisikia kidogo sana, mzee," na picha ya mwaka huu inaonyesha wote wawili, mkubwa na mdogo, wamekaa pale pale walipoachwa.

Naye ndiye aliyeniombea gari la manispaa. Alitaka watu waambiwe kwamba ngoma ya sikioni haisubiriwi. Wakanipandisha mbele, wakanipa kipaza sauti. Nilikigonga kwanza kwa kidole, kwa kuwa kuongea barazani ni kitu kimoja na kuujaza mji ni kingine, na tangu matibabu yaishe sikuwa nimeijaribu sauti yote. Nikavuta pumzi. Nikamkumbuka baba, aliyekuwa na domo kunizidi, akiomba maji kwa kukwaruza.

"TANGAZO! TANGAZO!"

Kuku wakaruka. Madirisha ya Chemchem yakafunguka moja baada ya jingine, na mtu akapiga kelele, "Huyo! Kafufuka!" Gari likashuka kuelekea Isevya nami nikitangaza kwa koo lote la ukoo: mwenye ngoma sikioni aende hospitali, asichokoe, asitie asali, hata ya binti yangu, na aulize vizuri kwa watani wake wazee walikuwa wanashika wapi.

Nyuma ya gari, amejishikilia kwenye nguzo, alikuwa Bi Mwanajuma na kinyago changu usoni, anafungua kinywa nikifungua, anainua mkono nikiinua. Watoto walikuwa wanamfuata kwa vifijo. Mimi nikaona huyu lazima nimtilie mchanga kwenye kazi yake. Nikabuni kitu palepale: kila baada ya tangazo nikawa najikuna ncha ya pua kwa kidole cha mwisho, kwa madaha.

Gari liliposimama kwenye kivuli mbele ya hospitali akainua kinyago.

"Hiyo ya pua ni ya leo," alisema. "Siiweki."

"Nimekuwa nayo tangu utotoni."

"Huna. Yako ni moja tu, na nilishaichukua zamani. Kabla ya kusema uongo unasimama kidogo, unatazama juu kama mtu anayesikia jina lake linaitwa kwa mbali. Watu watakufa kwa kicheko siku hiyo."

"Mimi? Sifanyi hivyo hata siku moja."

Daktari Recheli akaja mbio kutoka hospitali, simu mkononi, anacheka. "Mzee Uwesu, sauti imerudi! Imefika wapi?"

Nikasimama kidogo. Nikatazama juu.

"Usoke," nikasema. "Wanajaza ndoo."